Miguu Safi ya Alhamisi Kuu

Jumatano, tarehe mosi Aprili. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, ile mvua isiyo na haraka wala huruma, na kulipopambazuka barabara ya kanisani ilikuwa uji wa matope. Watu kumi na wawili waliochaguliwa kuoshwa miguu kwenye misa ya Alhamisi Kuu walifika ukumbi wa parokia wamefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu vyao. Walikuwa wamekuja kukaguliwa. Msomaji asidhani amesoma vibaya. Walikuja kukaguliwa miguu.

Desturi hiyo ndiyo kwanza ilikuwa ikianza mwaka huo, lakini kamati ya ibada ilikwisha kuitetea kana kwamba imo katika Injili. Mwaka uliotangulia, muuza mkaa mmoja aliyechaguliwa na jumuiya yake aliacha alama nyeusi kwenye taulo la Padri, na picha ya taulo lile ikazunguka kwenye simu za watu. Hakuna aliyecheka sana, ila Mwenyekiti wa kamati alilia siku mbili. Akaapa kwamba hapatakuwa tena na mguu mchafu katika kuoshwa miguu.

"Haya, baba zangu, mama zangu, mguu wa kulia," Mwenyekiti alisema, akipita mbele ya benchi na leso mkononi. "Padri anaosha wa kulia tu. Wa kushoto ni shauri lako na Mungu wako."

Wakacheka. Akasimama mbele ya mwalimu wa shule ya msingi. "Mwalimu, kucha hizi unachimbia viazi?"

"Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, Mama."

"Unasahihisha kwa miguu? Saluni leo leo." Akasogea kwa mama muuza vitambaa. "Na wewe, dada yangu, kisigino hiki ukikipitisha kwenye sufuria linang'aa. Saluni."

Mwisho wa benchi alikaa mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Chemba. Maisha yake yote alikuwa akishuka kwenye chemba za maji machafu za watu, anazibua kwa mikono kile ambacho wenye nyumba hawakutaka hata kukitaja jina. Alichaguliwa kwa kura. Katika jumuiya yao kila mtu alijipendekeza mwenyewe, wakagombana hadi chai ikapoa, ndipo katekista akakata shauri wapige kura ya vikaratasi. Kikaratasi chenye msalaba kikaangukia mkono wa mzee ambaye hakuwa amejipendekeza.

Alivua buti, kisha soksi, taratibu.

Mguu ule ulikuwa mkubwa kuliko mwenzake, umevimba hadi kwenye kifundo, ngozi yake imekakamaa kama gome la mti. Vidole viwili havikuwapo. Chupa iliyovunjika ndani ya chemba ya mtu fulani tajiri ilivichukua zamani, na pembeni mwa mguu palibaki kidonda ambacho hakikuwahi kufunga vizuri.

Mwenyekiti alipeleka leso puani. "Baba, huu mguu una nini?"

"Una miaka, mwanangu."

"Unatoa maji?"

"Siku za baridi, kidogo. Hauambukizi. Mganga wa zahanati ameshasema."

"Si kwamba tunakukataa, Baba. Usinielewe vibaya. Mungu anaangalia moyo."

"Naam, anaangalia moyo," Mzee Chemba akasema. "Lakini kesho hauoshwi moyo. Unaoshwa mguu."

Mwalimu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alikunja leso na kuinamisha kichwa upande, kama wafanyavyo watu wanapotaka kutenda ubaya kwa upole. "Padri wetu ana tumbo jepesi, kichefuchefu kinamshika upesi, unajua. Tutakuweka kwenye sala za waamini. Tutawaombea wazee na wagonjwa, na wewe utakuwa umo humo ndani."

"Mimi si mgonjwa."

"Basi utakuwa kwa wazee."

Akaenda mlangoni, akaita. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliyejulikana kwa jina la Bosi Saruji, akaingia. Alikuwa amekaa ndani ya gari lake nje ya ukumbi tangu asubuhi, maana uamuzi ulikuwa umefika kabla ya mguu kuvuliwa soksi. Alikaa mahali pa Mzee Chemba, na Mwenyekiti hakumwambia avue kiatu. Kitambaa kikubwa kilichotundikwa juu ya lango la kanisa, KILA BINADAMU NI SURA YA MUNGU, alikilipia yeye, na jina la duka lake lilichapwa chini kwa herufi nene kuliko za Mungu.

Mzee Chemba alivaa soksi yake. Hakuna aliyemsaidia na buti, ingawa benchi lilikuwa limejaa Wakristo.

*

Saluni ile ilikuwa na viti vitatu vya nywele na kimoja cha miguu. Kwenye kile cha miguu, juu ya kigoda kifupi, alikaa mke wa mtoto wa Mzee Chemba. Wateja walimwita Dada Miguu. Mchana wote aliosha waliochaguliwa, mmoja baada ya mwingine: beseni la maji ya moto, sabuni, jiwe la kusugulia, mafuta. Habari za asubuhi zilikuwa zimemfikia kabla hajamaliza mguu wa kwanza, kwa sababu watu hawawezi kukaa kwenye kiti cha kuoshwa bila kusema.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kusimamia. Alisimama nyuma ya kiti cha Bosi Saruji kama mama wa bibi harusi.

"Sugua vizuri huyu," alisema. "Atakaa wa kwanza upande wa kamera inayorekodi misa."

Dada Miguu alisugua. Kisigino cha Bosi Saruji kilikuwa laini tangu awali. Mtu anayetembezwa na gari hana kisigino cha kusimulia.

"Mama, naomba kuuliza," Dada Miguu akasema bila kuinua uso. "Hawa wote wanakuja kuoshwa ili wakaoshwe?"

"Ni heshima kwa Padri."

"Na Yesu naye aliwapitisha mitume saluni kwanza?"

Mwanamke aliyekuwa akisukwa kwenye kiti cha tatu aliguna. Mwenye saluni, aliyekuwa akihesabu riboni dirishani, akageuka haraka. "Wewe! Usiniharibie biashara."

"Naulizia dini tu, Madam."

"Dini uliza kanisani. Hapa uliza rangi ya kucha."

Bosi Saruji alitabasamu na kutikisa vidole vyake ndani ya maji. "Mwache aseme. Najua ana uchungu wa mkwewe. Dada, baba yenu tunamheshimu. Hata choo changu cha kwanza kabisa alikizibua yeye. Lakini kila mtu na mahali pake. Mimi siwezi kushuka chemba, na yeye hawezi kukaa mbele ya kamera. Nani kaonewa hapo?"

"Hakuna, Bosi," Dada Miguu akasema. Alimfuta mguu, akaukausha katikati ya vidole, akaupaka mafuta, kwa sababu ilikuwa kazi yake na watoto wanakula. Kisha akanyanyua beseni. "Ila nawaza tu. Mkishazoea hivi, siku ya kufa mtajizika kwanza nyumbani, ili msiwape tabu wachimba kaburi."

Yule aliyekuwa akisukwa akacheka hadi msusi akaachia nywele. Mwenye saluni hakucheka. Alimwambia Dada Miguu kwamba malipo ya siku ile yangepunguzwa, adabu ikirudi na pesa itarudi.

*

Jioni, nyumbani, Mzee Chemba alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanawe, fundi bomba, alikula akiwa amesimama. Watu wa mtaa walimwita Fundi tu. Sauti yake ilikuwa nene, na kwaya ilimtegemea kwenye besi.

"Baba," Fundi akasema, "kesho upumzike. Barabara imeharibika."

"Nimeshatembea kwenye mabaya kuliko barabara."

"Nasema kwa wema."

"Wema una harufu leo," mzee akasema. "Tangu asubuhi naunusa. Nani amekutuma?"

Fundi akaweka sahani. Ukweli ni kwamba Bosi Saruji alikuwa amempigia simu mchana. Nyumba mpya ya mapadri ingehitaji mabomba, kuanzia tangi hadi bafu la mwisho, na Bosi ndiye aliyekuwa akisema nani apewe. Hakumwambia Fundi chochote kibaya. Alisema tu kwamba familia inayoleta fujo kanisani ni vigumu kuitetea kwenye kikao.

"Ni kazi ya miezi, Baba. Nimekaa bila kazi ya maana tangu mwaka uanze. Mke wangu anashika miguu ya watu ili tule. Hilo huoni?"

"Naliona."

"Basi kwa nini unang'ang'ania? Ni matone ya maji tu! Sekunde mbili, Padri ameshapita!"

Mzee Chemba aliutazama mguu wake kama mtu anavyotazama mnyama aliyezeeka naye. "Mama yako alikuwa akiuosha huu kila jioni. Kwa mikono yake. Tangu tulipomzika, hakuna mkono wa mtu uliougusa. Mganga huvaa glavu, na kijiti cha pamba hukishika kwa mbali. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Kura iliponiangukia, nikasema, basi, Mungu ameona. Nitaguswa tena mara moja kabla ya kufa. Hilo ndilo ninalong'ang'ania, mwanangu. Hata awe ni padri mwenye tumbo jepesi."

Dada Miguu alikuwa jikoni nyuma ya pazia, na maneno yote yalimfikia. Aliosha miguu ya watu asiowajua siku nzima, lakini mkwe ni mkwe. Kuushika mguu wa baba mkwe lilikuwa jambo ambalo yeye na mzee wote wawili wangelionea haya. Aliyepaswa kuushika alikuwa amesimama pale sebuleni, akichokonoa meno.

"Yamepita hayo, Baba," Fundi akasema. "Lala."

*

Alhamisi mvua iliendelea. Adhuhuri ilipopita, Dada Miguu akiwa bado saluni, Fundi alivaa kanzu ya kwaya, akambusu mtoto wake mdogo, akatoka. Kabla ya kutoka alipita uani. Alichukua viatu vyeusi vya baba yake, na buti za kazi pia, akavisukuma nyuma ya tangi la maji. Alijiambia kwamba anamkinga mzee na aibu. Kila mwoga ana neno zuri la kuitia mfukoni dhambi yake.

Mzee Chemba alioga, akavaa shati jeupe, akatafuta viatu chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati. Alisimama katikati ya chumba akawaza mwizi. Kisha akacheka peke yake. Kiatu cha kulia kilikuwa kimepasuliwa ubavuni kwa wembe ili mguu uingie. Hapakuwa na mwizi duniani wa kukitaka kiatu kile. Aliyekichukua alijua ni cha nani, na alijua ni cha kwenda wapi.

"Haya, mwanangu," alisema kuuambia ukuta. Akapandisha suruali, akatoka pekupeku.

*

Kanisa lilijaa. Padri alihubiri vizuri, na hilo lazima lisemwe. Alisema kwamba kila uhai, tangu tumboni mwa mama hadi kitanda cha mwisho, una thamani ile ile mbele ya Muumba. Alisema Kristo alijifunga taulo kiunoni akapiga magoti mbele ya miguu yenye vumbi. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine walifuta machozi. Padri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yaende bila kelele, na ubaya mwingi hauhitaji mtu wa aina nyingine zaidi ya huyo.

Kisha akajifunga taulo jipya. Viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa mbele ya altare, na miguu kumi na miwili ya kulia ikanyooshwa, iking'aa kwa mafuta. Padri alimimina, akafuta, akainua, akasonga. Alipomaliza wa mwisho, maji ya beseni yalikuwa safi kiasi cha kupikia chai. Hata pepo la njaa lisingepata tone la uchafu la kulamba humo.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kugeuka.

Mzee Chemba alikuwa akija katikati ya kanisa. Alitembea polepole kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa dawa ya kung'arisha na aliogopa kuteleza. Nyuma yake aliacha nyayo za matope, moja yenye vidole vitano, nyingine yenye vitatu. Alisimama mbele ya kiti cha kwanza upande wa kamera.

"Mwanangu," alimwambia Bosi Saruji, "umekaa kwenye kiti changu."

"Mzee, mambo haya yalishazungumzwa."

"Yalizungumzwa nikiwa wapi?"

Mwenyekiti alikwisha kufika, anatabasamu kwa ajili ya kamera na kunong'ona kwa ajili ya mzee. "Baba, unatutia aibu. Tazama sakafu!"

"Naitazama. Ndiyo miguu ilivyo, mama. Inakanyaga."

Padri akasogea na jagi mkononi. Kipaza sauti kidogo kilikuwa kimebanwa kwenye kola yake, kwa hiyo kila alichonong'ona kilisikika hadi langoni. "Mzee wangu, tusivuruge ibada. Baada ya misa njoo sakristia, nitakubariki."

"Baraka ninazo, Padri. Nilichokosa ni maji."

Wahudumu wawili wa mlango, vijana wenye vitambaa vya njano mkononi, walimshika mzee viwiko, kila mmoja upande wake. Mwenyekiti akampungia mkono mwalimu wa kwaya: imbeni, imbeni. Mwalimu wa kwaya akainua mikono. Wimbo ule ulianzwa na besi, na besi iliyoongoza ilikuwa ya Fundi.

Mikono ya mwalimu ilishuka. Hakuna sauti iliyotoka. Akainua tena, akamtolea Fundi macho. Fundi alikuwa akitazama sakafu ya kanisa, zile nyayo, na zile za vidole vitatu zilimjia moja moja kama watu wanaomdai majibu. Alikuwa ameuficha ule mguu usionekane, na sasa ulikuwa umeandikwa kanisa zima.

Alishuka kwenye jukwaa la kwaya.

"Mwacheni," aliwaambia wale vijana. "Ni baba yangu."

Bosi Saruji alimvuta kanzu alipopita. "Fundi, kumbuka tulichozungumza."

"Nakumbuka, Bosi. Ndiyo sababu nimechelewa kuinuka."

Alimkalisha baba yake kwenye ngazi ya altare, maana kiti hakuna aliyekiachia. Akapiga magoti. Akanyoosha mkono kwa Padri. "Naomba jagi. Na taulo."

"Taulo la Padri hilo!" Mwenyekiti akasema kwa sauti, akisahau kamera.

Padri alilitazama taulo, akatazama watu, akatazama kile kioo cha kamera kilichomwelekea bila kupepesa. Akalifungua kiunoni, akampa Fundi kama mtu anayelipa faini. Lakini baada ya kumpa, hakuondoka. Aliinama akalisogeza beseni karibu. Hilo nalo lazima lisemwe.

Fundi alimimina maji. Tope lilishuka, na beseni likawa jeusi kwa mara ya kwanza siku ile. Aliugusa mguu kwa ncha za vidole, kama agusavyo bomba lenye moto.

"Tumia kiganja!" sauti ya Dada Miguu ikatoka benchi la nyuma. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na aproni bado kiunoni. "Usitumie vidole, unamtekenya! Kiganja!"

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho baadhi yao wakagundua kwamba walikuwa wanalia. Fundi akatumia kiganja. Ngozi ilikuwa ngumu, na chini ya ugumu wake palikuwa na joto. Alikuwa hakujua kwamba mguu ule una joto.

"Katikati ya vidole, mwanangu," mzee akasema taratibu. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. "Mama yako hakuwa akiruka hapo."

"Hapa?"

"Hapo. Polepole, panauma."

Fundi alipafuta polepole. Taulo likaingia alama ya tope, kisha ya usaha hafifu. Mwenyekiti aligeuza uso. Kwenye kiti cha kwanza upande wa kamera, Bosi Saruji alirudisha mguu wake safi ndani ya kiatu, bila mtu yeyote kumwambia.

"Sasa nitarudi nyumbani na nini?" Mzee Chemba akauliza, akifumbua jicho moja. "Umeniosha, na viatu vyangu vimepotea."

Alijua. Mwanawe akaona kwamba anajua, na kwamba alikuwa akimpa mlango wa kutokea au wa kuingilia, achague mwenyewe. Padri alikuwa bado ameinama pale karibu, na kile kipaza sauti kwenye kola yake kilichukua kila pumzi.

"Havijapotea, Baba. Viko nyuma ya tangi. Nilivificha mimi."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabati. Fundi hakugeuka. Aliushika mguu kwa mikono yote miwili, ukiwa bado umelowa, akapaza ile sauti ambayo kwaya ilikuwa imeikosa.

"Nasema mbele ya Mungu, na mbele ya Padri, na mbele yenu nyote mnaonijua. Kuanzia leo mguu huu nitauosha mimi, kila jioni, kwa mikono hii, hadi mmoja wetu azikwe. Na siku mtakayosikia nimeacha, msiniulize nyumbani. Niiteni hapa hapa, mniulize mbele ya altare."